Mfuko, picha au vijiti kwenye nyasi: tufundishe vipi makadirio ya wanyamapori?

"Mwalimu, hao tembo walipohesabiwa walipangwa foleni?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nalo, lakini swali halikuwa la kipuuzi. Ubaoni nilikuwa nimeandika 352,271, idadi ya tembo wa savana iliyotokana na sensa kubwa ya angani ya mwaka 2014 na 2015 katika nchi 18 za Afrika. Ile moja ya mwisho ndiyo iliyomchokoza. Ungemwambia "laki tatu na nusu hivi", angeelewa kwamba ni makadirio. Ukimtajia mpaka tembo mmoja mmoja, anamwona mtu aliyempapasa kila tembo mgongoni na kuweka alama ya vyema daftarini.

Tangu siku ile nimeifundisha mada hii kwa njia tano, nyingine zikafana na nyingine zikaniaibisha. Walimu wenzangu huniuliza: mtu akiwa na kipindi kimoja au viwili, achague ipi? Zamani nilikuwa naangalia urahisi wa vifaa. Siku hizi naangalia kosa. Kila njia ya kukadiria wanyama ina mahali inapodanganya, na zoezi ninalolitaka ni lile linalompa mwanafunzi nafasi ya kuushika uongo huo kwa mkono wake.

Uongo wenyewe una vyanzo viwili vikubwa. Kwanza, hatukuangalia kila mahali. Pili, pale tulipoangalia, hatukuwaona wote. Ndege ikipita juu ya sehemu ndogo tu ya mbuga, sehemu iliyobaki inakisiwa. Hicho ni chanzo cha kwanza. Twiga aliyejisimamia zake nyuma ya mti wakati ndege inapita ni chanzo cha pili. Nikisema njia hii inafaa kuliko ile, nina maana kwamba inaanika chanzo hiki au kile waziwazi zaidi.

Mfuko wa vifuniko

Hili karibu kila mwalimu wa sayansi analijua. Unatia vifuniko vya chupa mfukoni bila kuwaambia wanafunzi viko vingapi. Wanachota kiasi, wanavitia alama, wanavirudisha, wanatikisa mfuko, wanachota tena. Kama moja ya tano ya vile vya mara ya pili vina alama, basi vile walivyovitia alama mwanzo ni kama moja ya tano ya vyote vilivyomo. Fomula ni ya mstari mmoja: idadi iliyotiwa alama mara ya kwanza, zidisha kwa idadi iliyochotwa mara ya pili, gawanya kwa idadi iliyokutwa na alama.

Wazo hili ni la zamani. Mwanahisabati Laplace alitumia uwiano wa aina hiyohiyo mwaka 1802 kukadiria watu wa Ufaransa kutokana na hesabu ya watoto waliozaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mdenmaki Johannes Petersen aliwafunga samaki vibandiko na kuwarudisha majini. Mwaka 1930 Mmarekani Frederick Lincoln aliwakadiria bata wa Amerika Kaskazini kwa pete walizovishwa miguuni, pete ambazo wawindaji walizirudisha baada ya kuwapiga bata hao. Mimi huanza na pete za Lincoln, kwa sababu mwanafunzi huuliza mara moja: na mwindaji asiyerudisha pete je? Hapo somo limeshaanza kabla mfuko haujafunguliwa.

Uzuri wa mfuko ni kwamba unaingia kwenye kipindi kimoja, hauhitaji hali ya hewa nzuri, na darasa la watoto sitini linagawanyika kwenye makundi bila fujo kubwa. Ubaya wake ni kwamba unafanya kazi vizuri mno. Vifuniko havizaani, havifi, havihami, wala havimkumbuki mtu aliyevikamata jana. Mwanafunzi anapata 200, mwalimu anamwaga mfuko, viko 212, wote wanapiga makofi na kengele inalia. Walichojifunza hapo ni kuzidisha na kugawanya.

Kwa hiyo ukichagua mfuko, usiishie kwenye jibu. Kuna mambo mawili ya kuongeza, na la kwanza halihitaji kifaa chochote: weka majibu ya makundi yote ubaoni. Chukua mfano huu, ambao namba zake nimezipanga mwenyewe. Makundi manane, kila moja na mfuko wake wenye vifuniko 212. Kila kundi limetia alama 40 na kuchota 35 mara ya pili. Vilivyokutwa na alama ni 4, 5, 6, 6, 7, 7, 8 na 10. Kundi la kwanza linapata 350 na la mwisho linapata 140. Mifuko ni ileile, watu waangalifu vilevile, na mmoja amepata zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Sasa waambie watafute wastani. Wengi watajumlisha majibu manane na kugawanya, watapata kama 226. Waulize: mkianza na wastani wa vile vyenye alama, yaani 6.625, ndipo mkatumia fomula? Inatoka 211. Kwa nini njia mbili za wastani zigombane? Kwa sababu namba ndogo ikikaa chini kwenye kugawanya, jibu linaruka juu. Kundi lililopata 4 limewavuta wote kuliko kundi lililopata 10 linavyowarudisha. Na kila baada ya muda kundi moja litapata sifuri, lije mbele na kikokotoo kinachoonyesha kosa. Wasikate tamaa. Mtakwimu Chapman alilishughulikia hilo mwaka 1951 kwa kuongeza moja kwenye kila namba ya fomula na kutoa moja mwishoni. Kwa mfano wetu, sifuri ingetoa 1,475. Jibu ni baya, ila angalau ni jibu, na watoto wataona wenyewe kwamba kuchota kidogo kuna gharama.

Jambo la pili ni kuuharibu mfuko makusudi. Niligundua faida yake kwa aibu. Mwaka wa kwanza nilitumia kalamu ya wino wa kawaida kwenye vifuniko vya plastiki. Mikono ya watoto ina jasho, mfuko unatikiswa, alama zikafutika. Karibu kila kundi likapata zaidi ya 300, nami nikawalaumu kwamba hawakuchanganya vizuri, mpaka binti mmoja akaninyoshea kidole chake cheusi. Alama zikipotea, wenye alama wanaonekana wachache, na makadirio yanapanda. Siku hizi ninao mfuko mmoja wa namna hiyo kwa makusudi, na mwingine wenye vifuniko vikubwa na vidogo. Vidole huangukia vikubwa mara zote mbili, wenye alama wanarudi kupita kiasi, na makadirio yanashuka. Porini ni hivyohivyo: yupo panya anayependa mtego kwa sababu ya chambo, na yupo aliyenaswa mara moja akaapa hatarudi. Wa kwanza anashusha idadi, wa pili anaipandisha.

Swali moja huwa naliacha kwa wakali wa darasa: wanyama wengine wakifa kati ya kukamatwa mara ya kwanza na ya pili, makadirio yanaharibika? Wote hujibu ndiyo. La hasha, ikiwa wenye alama na wasio nayo wanakufa kwa kiwango kilekile. Uwiano unabaki palepale na unapata idadi ya siku ya kwanza. Wanaovuruga ni wageni na watoto wachanga, kwa kuwa wao hawana alama hata mmoja.

Unaweza kuyafanya haya yote na konokono halisi badala ya vifuniko, ukiwa na bustani na siku mbili. Tone la rangi ya kucha ukingoni mwa gamba kwa upande wa chini, ambako ndege hawalioni, kisha warudishwe palepale walipookotwa, na mikono ioshwe. Napenda konokono kuliko mfuko, lakini jiandae: siku ya pili ikiwa kavu, unaweza kumpata mmoja tu. Wamejificha. Hilo nalo ni somo, ingawa mwalimu mkuu anayepita dirishani haoni hivyo.

Picha yenye miraba

Hapa unahitaji picha moja ya kundi kubwa la wanyama iliyopigwa kutoka juu, au karatasi uliyoitapakaza nukta mwenyewe, na rula. Gawanya picha kwenye miraba 100. Wanafunzi wahesabu kumi tu, wazidishe kwa kumi.

Inaonekana ni kazi ya watoto wadogo, na kweli hata anayejifunza kuzidisha anaiweza. Lakini ni hapa ambapo chanzo cha kwanza cha uongo kinaonekana kuliko popote. Waache wachague miraba wenyewe na watachagua yenye wanyama, maana jicho linakwenda penye wengi na hakuna anayependa kuandika sifuri. Majibu yote yatapaa. Kisha wape karatasi 100 zilizokunjwa zenye namba za miraba, wachague kumi kwa nasibu. Kundi moja litapata 0, 0, 3, 0, 22, 0, 1, 0, 0, 8, jumla 34, makadirio 340. Jingine litapata 0, 31, 18, 0, 0, 26, 2, 0, 9, 0, jumla 86, makadirio 860. Picha ni moja. Wanyama wa makundi hawajasambaa kama chumvi kwenye maji. Wamerundikana huku, kule hakuna mtu.

Dawa yake wanaweza kuigundua wao wenyewe ukiwapa dakika tano: gawa picha kwanza kwenye eneo lenye wengi na eneo lenye wachache, kisha chagua miraba zaidi kule kwenye wengi na uhesabu kila eneo peke yake. Wanasayansi wa angani hufanya vivyo hivyo. Na usisahau mzozo wa mpakani, maana utatokea tu: mnyama aliyekatwa na mstari ni wa nani? Kanuni yetu ni kwamba aliyekatwa na mstari wa juu au wa kushoto anahesabiwa, wa chini au wa kulia anaachiwa mraba wa jirani. Bila kanuni hiyo anahesabiwa mara mbili, au wote wawili wanamkataa.

Kuunganisha zoezi hili na kazi halisi ni rahisi. Kwenye hesabu za angani ndege ndogo hufungwa fimbo mbili kwenye nguzo ya bawa kila upande. Mhesabuji akitazama katikati ya fimbo hizo, anaona ukanda wa upana unaojulikana chini ardhini, alimradi rubani asipande wala kushuka. Akipanda, ukanda unapanuka bila mtu kujua, na wanyama "wanaongezeka". Waonyeshe kwa penseli mbili mbele ya jicho na madawati ya mbele na ya nyuma, inatosha.

Historia ya nyumbu wa Serengeti nayo inakaa vizuri hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaowapata nyumbu pia, ilipokwisha baada ya ng'ombe wa kandokando kuchanjwa, walipanda mpaka kupita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kuisha. Kupanda huko kulionekana kwa sababu waliendelea kuhesabiwa kwa ndege na picha. Nenda kwenye ncha nyingine ya dunia: mwaka 2012 watafiti walitangaza makadirio ya pengwini emperori wa Antaktika kwa picha za setilaiti, kama 595,000 katika makoloni 46, takribani mara mbili ya ilivyodhaniwa. Koloni zenyewe zilitambulika kwa madoa ya kinyesi juu ya barafu. Ukitaja kinyesi hakuna mwanafunzi anayesinzia.

Udhaifu wa picha ni kwamba chanzo cha pili hakionekani kabisa. Kila nukta iko wazi mbele yako. Hakuna anayejificha nyuma ya mti. Mwanafunzi anatoka akiamini kuwa ukifika mahali, umeona kila kilichopo. Ndiyo maana sipendi iwe zoezi la pekee.

Vijiti kwenye nyasi

Hili ndilo ninalolipenda na ndilo wengi hawalifanyi. Chukua vijiti mia moja vya urefu wa kidole. Nusu vipake rangi nyekundu, nusu kijani. Vitawanye kwenye nyasi kabla wanafunzi hawajatoka darasani. Nyoosha kamba katikati ya eneo. Kila kundi litembee juu ya kamba bila kuiacha, na kila linapoona kijiti lipime umbali wake kutoka kwenye kamba kwa pembe mraba. Mmoja anatazama, mmoja anapima, mmoja anaandika.

Wakirudi, wapange walivyoviona kwa mita: labda ndani ya mita ya kwanza 20, ya pili 18, ya tatu 11, ya nne 6. Jumla 55. Waulize kwa nini vinapungua. Mjinga wa siku hiyo, na mara nyingi ni yule mwerevu kuliko wote, atasema wewe mwalimu ulivitupa vingi karibu na kamba. Mwambie kamba iliwekwa baadaye. Ukimya. Halafu mmoja atasema: "Vipo, ila hatukuviona."

Sentensi hiyo moja ni nusu ya sayansi ya kuhesabu wanyama. Kuanzia hapo hesabu inajileta yenyewe: kama mita ya kwanza tuliona vyote, basi kila mita ingekuwa na kama 20, na mita nne zingekuwa na 80. Tumeona 55 kati ya 80, chini kidogo ya asilimia 70. Idadi inasahihishwa kwa umbali tu, bila kumgusa mnyama. Watafiti huchora mkunjo laini badala ya ngazi zetu za mita moja moja, lakini wazo ni hilohilo: aliyepo juu ya mstari haponi, wa mbali anaweza kupona, na kasi ya kupona tunaisoma kwenye takwimu zenyewe.

Kisha tenganisha nyekundu na kijani. Vya kijani vilivyoonekana vitakuwa vichache sana, na vingi vitakuwa vile vya karibu kabisa na kamba. Sasa swala aliyesimama wazi na swala aliyelala majanini si habari za kitabuni tena. Kundi lenye mtoto asiyetofautisha nyekundu na kijani litapata matokeo ya ajabu; iliwahi kunitokea, na nilichelewa kuelewa. Mtoto akawa hana raha. Siku hizi namwomba kila mtu aseme mapema kimya kimya, au natumia njano badala ya nyekundu.

Gharama yake ni muda. Vipindi viwili vilivyoungana, eneo lenye nyasi, futi kamba moja kwa kila kundi, na darasa ambalo ukilitoa nje litarudi. Kwa watoto sitini mwalimu mmoja hatoshi. Na nyasi zikiwa zimekatwa juzi, zoezi limekufa: vyote vinaonekana.

Kadi za mistari, na kinyesi

Mbili zilizobaki nitazipitia haraka, kwa sababu naziona kama nyongeza.

Kadi za mistari ni mfuko uleule, ila alama wanazaliwa nazo. Hakuna punda milia wawili wenye mistari sawa, wala simbamarara, wala papa potwe kwa madoa yake. Unachapisha picha ishirini au thelathini za "kamera za mtego", yaani kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, wanafunzi wanatafuta nani amejirudia. Mwaka 2016 nchini Kenya mamia ya watu wa kawaida walipiga picha punda milia wa Grevy na idadi ikakadiriwa kuwa 2,350. Sharti lilikuwa wapige ubavu wa kulia tu, maana mistari ya kushoto ni tofauti, na mnyama mmoja angeweza kuhesabiwa wawili. Weka kadi chache za ubavu wa kushoto bila kusema, uone itakavyokuwa. Tatizo ni uchapishaji: picha ikitoka na ukungu, somo linakuwa la kuchoka macho.

Kinyesi ndiyo njia ya msituni, ambako tembo hawaonekani kutoka angani. Unahesabu marundo, unagawanya kwa idadi ya marundo ambayo tembo mmoja hutoa kwa siku, kisha kwa idadi ya siku ambazo rundo hudumu kabla halijaoza. Darasani inafaa kwa jambo moja: kuonyesha makosa yanavyozidishana. Mvua zikibadilisha siku za kuoza kutoka 60 kwenda 40, idadi ya tembo inapanda kwa nusu bila tembo hata mmoja kuzaliwa. Dakika ishirini ubaoni zinatosha. Sijaona haja ya vitendo, na wanafunzi wamenishukuru kwa hilo.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Una kipindi kimoja, darasa kubwa, wanafunzi wanaojua uwiano: chukua mfuko, lakini angalau mifuko miwili iwe imeharibiwa. Wanafunzi ni wadogo, uwiano bado unawasumbua: chukua picha, na kazi yako yote iwe kwenye kuchagua miraba kwa nasibu. Una vipindi viwili na nyasi ndefu: vijiti, bila kufikiri mara mbili. Hata ningepewa somo moja tu kwa mwaka mzima ningechagua vijiti, kwa sababu ndiyo njia pekee kati ya tano ambapo vyanzo vyote viwili vipo pamoja: hukutembea kila mahali, na ulipotembea hukuona vyote. Kwa mpangilio wa masomo matatu, naanza na picha, kisha vijiti, mfuko unakuja mwisho. Najua vitabu vingi vinaanza na mfuko. Ukianza nao, mtoto anadhani kila mnyama duniani lazima akamatwe ndipo ahesabiwe.

Kuna mtego mmoja ambao haumo ndani ya njia yoyote, bali kati ya njia na njia, na hapa ndipo ulinganisho wenyewe unageuka kuwa somo. Mwaka 2002 India ilikuwa na simbamarara 3,642 kwa hesabu iliyotegemea nyayo, mhesabuji akidai kumtambua kila mnyama kwa unyayo wake. Hesabu iliyofuata, ya mwaka 2006, iliyotumia kamera na sampuli, ilitoa 1,411. Waulize wanafunzi: simbamarara zaidi ya elfu mbili wamekufa? Baadhi walikuwa wamekufa kweli. Katika hifadhi ya Sariska ilibainika mwaka 2005 kwamba hakubaki hata mmoja, ilhali kwenye kumbukumbu walikuwa bado wamo. Lakini sehemu ya pengo hilo ni njia iliyobadilika, na kutoa namba moja kutoka kwa nyingine hakukupi idadi ya waliokufa.

Nyumbu wa Serengeti wanatupa kesi mbichi zaidi. Kwa miongo kadhaa imekuwa ikitajwa milioni 1.3 au karibu na hapo, kwa hesabu za ndege. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi uliotumia programu ya kompyuta kuwatambua nyumbu kwenye picha za setilaiti za mwaka 2022 na 2023, ukapata chini ya 600,000. Wamepungua? Waliokuwa chini ya miti hawakuonekana? Hesabu za zamani zilizidisha kundi lililorundikana? Baada ya picha na vijiti, wanafunzi wangu wanaweza kubishana juu ya hili kwa kipindi kizima wakitumia maneno yao wenyewe, na mimi nikakaa nyuma.

Limebaki swali la mwisho ambalo walimu huniuliza: mwisho wa somo la mfuko, umwage vifuniko na kuhesabu, au uache? Mara ya kwanza namwaga, ili waone fomula si uchawi. Mara ya pili nafunga mfuko kwa kamba na kuuweka kabatini. Wananuna. Wananiambia si haki, wamefanya kazi bure. Nawaambia porini hakuna anayeinua msitu na kuumwaga mezani.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, asubuhi yake niliukuta mfuko umefungwa kwa fundo lisilo langu, na kwenye kona ya ubao kwa chaki ndogo kumeandikwa 187. Nilisubiri mapumziko, nikafunga mlango, nikamwaga, nikahesabu mara mbili. Vilikuwa 187 kweli. Mimi nilikuwa nimetia 189. Viwili nilivikuta chini ya dawati la mbele, kimoja kikiwa na alama.